Breki Ndogo za Damu Yetu

Katika uboho wa mifupa mna seli shina, chimbuko la damu yote. Maikro-RNA, vipande vifupi mno, huzuia ujumbe wa jeni usigeuke protini kupita kiasi. Mwaka 2002 kundi la Carlo Croce, Marekani, lilionesha kuwa katika aina ya saratani ya damu ipatayo wazee zaidi, miR-15 na miR-16 mara nyingi hupungua au hutoweka. Breki ikikosekana, seli mbovu hazifi zinapopaswa kufa. Ndipo likazuka tumaini la kuubaini ugonjwa mapema, ingawa kipimo hicho bado si cha kawaida hospitalini. Basi mzee wetu akikonda, akichoka na kuvimba matezi ya shingo, tusikisubiri. Aanze na hesabu ya seli za damu, ambayo ipo.