Kinga Bila Toba

Wapo wapendwa wanaofundisha kwamba Mkristo akitazama filamu ya kutisha amewafungulia mapepo mlango. Tuichukue filamu moja ya namna hiyo, Leprechaun, iliyotoka Marekani mwaka 1993. Iligharimu karibu dola milioni 1, fedha kidogo kwa filamu za huko, nayo inachekesha kuliko inavyotisha. Sisi tunasema hatari yake haiko kwa kibwengo. Iko kwenye dawa ya kumzuia.

Katika masimulizi ya Ayalandi, leprekoni ni kijitu kifupi, fundi viatu, anayeficha dhahabu. Ukimkamata utamlazimisha akuonyeshe ilipo, lakini ni mjanja, na mara nyingi mwenye tamaa huambulia patupu. Filamu imemfanya muuaji. Dan O'Grady anamkamata huko Ayalandi, anachukua dhahabu yake na kurudi nayo nyumbani North Dakota. Kibwengo anamfuata na kumuua mkewe. Dan anamfungia ndani ya kasha na kuweka juu yake jani la klova lenye pande nne, linaloaminiwa kuleta bahati. Miaka 10 baadaye jani linaondolewa, na mauaji yanaanza tena.

Tuangalie alichofanya Dan. Alitafuta kinga, lakini dhahabu hakuirudisha. Hapo ndipo filamu hii ya kuchekesha inapotugusa sisi waumini. Tunanunua mafuta, maji na chumvi ya upako, tunapaka milango na magari. Lakini shamba la mjane tulilolichukua bado tunalilima, na mshahara wa kijana wa kazi bado tumeukalia. Tunataka adui afungwe, mali ibaki. Hilo ni jani la klova lililoletwa kanisani na kupewa jina la Yesu.

Mtatuambia kwamba Yakobo 5:14 inaagiza mafuta. Ndiyo, inaagiza. Lakini endeleeni hadi mstari wa 16, mtakuta agizo la kuungamiana dhambi. Mafuta yasiyo na maungamo hayatoki kwa Yakobo. Naye Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea, hicho ndicho mungu wa mtu. Basi na tujiulize: mioyo yetu imetegemea chupa, au imemtegemea Kristo?

Waayalandi wenyewe wanasimulia kwamba Mtakatifu Patrick alitumia klova ya kawaida, yenye pande tatu, kuwafundisha habari za Utatu. Jani hilo liko kila mahali, halifichwi wala haliuzwi. Watu wakaliacha, wakaenda kutafuta lenye pande nne, kwa kuwa ni adimu na linaahidi bahati. Ndivyo tulivyo. Neno na Sakramenti tunapewa bure kila Jumapili. Tunaviona vidogo, tunakimbilia cha pekee chenye bei.

Zakayo hakuomba kinga. Yesu alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Hiyo ndiyo nne tunayopaswa kuitafuta. Wokovu haukununuliwa kwa marejesho hayo. Ulikuwa umeshaingia nyumbani, ndipo mikono ikafunguka.

Wapendwa, anayetaka kutazama vibwengo vya sinema na avitazame na kuvicheka. Lakini kabla ya kununua chupa nyingine, turudishe kwanza kisicho chetu.