Madoa yakiisha, samaki bado hajapona

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, majaribio yalinibana mpaka nikasahau hata nywila ya hapa. Leo siongelei boom wala foleni ya kantini. Naongelea samaki. Usiondoke kwanza, nisikilize.

Wanaosoma na mimi Biolojia na Kemia wanalijua lile tangi la maji ya bahari pale maabara. Ndani kuna samaki kadhaa wadogo, matumbawe na konokono. Pembeni kuna tangi dogo la lita 100. Hilo ndilo la karantini: samaki yeyote mgeni anakaa humo kwanza kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mzee wa maabara alinikabidhi kazi ya kuliangalia, na tangu hapo ananiita "mwalimu wa samaki".

Sasa nikiri jambo. Mwaka jana tulileta samaki, siku ya tatu akatoka madoa meupe. Mtu akasema, "hiyo inatibiwa na mrututu". Kweli, mrututu una shaba, na shaba ni dawa. Nikachota kwa kijiko, nikamwaga. Asubuhi nikamkuta amelala ubavu, amekufa. Baadaye nikakaa na kalamu. Kwenye lita 100, kufikia miligramu 0.2 za shaba kwa lita, unahitaji miligramu 79 hivi za mrututu. Yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu! Mimi nilimwaga kama gramu 2. Dozi mara 25. Mwanafunzi wa Kemia huyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mpaka leo hatujui alikuwa anaumwa nini. Hatukuangalia. Tuliona doa tukamwaga dawa.

Ndiyo maana nasema doa jeupe siyo ugonjwa, ni dalili. Kuna kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans, madoa yake ni kama punje za chumvi, unaweza kuyahesabu. Kuna kingine, Amyloodinium, chenyewe ni vumbi laini kama unga, na kinaweza kumaliza samaki kwa siku chache kwa sababu kinashika matamvua. Kuna virusi vinavyotoa vinundu kama koliflawa kwenye mapezi. Hivyo shaba haivigusi kabisa, mara nyingi vinaisha vyenyewe samaki akila vizuri na akitulia. Na wakati mwingine ni mchanga tu umenata kwenye ute. Sasa wewe unamwaga dawa moja kwa wote hao, unamtibu nani?

Mbona kwa binadamu tumeshajifunza? Zamani kila homa ilikuwa malaria, unapewa dawa na safari njema. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Samaki naye apimwe.

Basi mwezi huu akaja kangaja. Siyo lile chungwa dogo, ni samaki: mwili wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano. Mzuri huyo jamani! Mvuvi mmoja wa Kunduchi alituletea. Jamii hii inasifika kwa kushikwa na madoa, na kweli, siku ya tatu nikahesabu 11. Alikuwa anajisugua kwenye bomba na kuhema haraka.

Safari hii mikono nikaiweka mfukoni. Mzee akamshika kwa kitambaa kilicholowa (kangaja ana kisu mkiani, usimshike hovyo), akakwangua ute kidogo ubavuni, tukauweka chini ya hadubini. Tukakiona: kidude cha duara, kina vinyweleo pembeni, kinazunguka taratibu kama pia. Cryptocaryon. Ndipo tukapima mrututu kwenye mizani, tukapandisha dozi kidogo kidogo kwa siku mbili, na kila asubuhi na jioni tunapima shaba isishuke chini ya 0.15 wala kupita 0.2. Tangi hatukuliwekea mchanga wala vipande vya matumbawe, maana vinanyonya shaba.

Siku ya tano tangu tuanze dawa, kangaja akawa safi. Hana doa hata moja. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Wenzangu wakasema amepona, ahamie tangi kubwa, kwani wiki inayofuata wanafunzi wa sekondari walikuwa wanakuja kutembelea maabara. Nikakataa. Nikaitwa mbishi, nikaambiwa najifanya profesa.

Lakini fuateni hesabu. Kimelea kinakaa kwenye ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, kisha kinadondoka chenyewe hata usipoweka dawa. Kinajifungia kwenye kifuko, kinanata kwenye kioo au jiwe, kinajigawa. Baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa, kifuko kinapasuka na kutoa watoto wengi wanaoogelea kutafuta samaki. Shaba inawaua hao waogeleaji tu. Aliye ndani ya ngozi haifiki, aliye ndani ya kifuko haifiki. Kwa hiyo madoa kuisha siku ya tano ni kimelea kubadilisha makazi, siyo dawa kumaliza kazi. Wiki tatu ndiyo kima cha chini, mimi nimeandika 30.

Na kikiingia tangi kubwa? Huko huwezi kumwaga shaba, utaua konokono na matumbawe. Itabidi utoe samaki wote na kuliacha tangi bila samaki wiki nyingi. Kuna vifuko vilivyowahi kuchukua hadi siku 72 kupasuka. Hii ni sawa na yule anayeacha dawa mseto siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, vidonge vilivyobaki anaweka kabatini.

Wanafunzi walikuja, kangaja wakamkuta karantini. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona huyu mzima mmemfunga?" Nikamchorea mzunguko ule ubaoni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe anasubiri watoto wao watoke." Mimi miaka mitatu chuoni sijasikia jibu zuri kama hilo.

Leo ni siku ya 19. Anakula mwani kama mbuzi. Bado siku 11, na hatoki hata aje Waziri.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita. Mwenye hoja tofauti tukutane kantini, chai juu yake.