Haki ya Maji Safi Inahitaji Kipimo Mkononi

Makamanda, najua mkisikia "chembe za nano" mnasema hayo ni mambo ya maprofesa, hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Ni siasa ya maji tunayokunywa.

Tuanze na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Na inawezekana: mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka kwenye makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Lakini wale ushahidi wao ulikuwa unanuka na kufuka moshi. Kila mtu aliuona.

Sasa mchukulie mama anayechota maji Ngerengere, akahisi yana sumu ya viuatilifu. Sumu haionekani. Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye athibitishe. Athibitishe na nini? Maabara iko mbali, na kipimo kina bei. Haki anayo, ushahidi hana.

Hapo ndipo sayansi inapoingia. Miili yetu ina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila zenyewe kwisha. Vipimo vingi vinavitumia, ila ni ghali na joto linaviharibu. Umeme ukikatika, friji ikapoa kazi, kwisha habari. Mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kuwa oksaidi ya chuma, ndugu yake kutu, ikitengenezwa kwa chembe ndogo za kiwango cha nano inafanya kazi kama kimeng'enya: ukiichanganya na haidrojeni peroksaidi na kemikali maalumu ya rangi, mchanganyiko unageuka bluu. Chembe hizo zinavumilia joto, na sumaku inazikusanya zitumike tena. Tangu hapo wanasayansi wametengeneza vipimo ambavyo rangi yake hubadilika kukiwa na zebaki au mabaki ya viuatilifu.

Kuna watakaosema Tanzania hatuna uwezo huo. Acheni hizo. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano. Na SUA si iko hapa hapa chini ya Uluguru? Akili zipo. Kinachokosekana ni fedha na utashi. Tangu 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga 1% ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi hatujaifikia.

Tuwe wakweli pia. Vipimo vingi vya aina hii bado havijatoka maabara, na chembe zenyewe zinahitaji kanuni zisije zikawa uchafu mpya. Karatasi ya rangi peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Lakini inatosha kumlazimisha mwenye mamlaka aje kupima. Wala lengo si kumkamata mkulima wa kabichi wa Mgeta, ambaye kauziwa dawa bila kufundishwa kuitumia. Naye anakunywa maji hayo hayo.

Kwa hiyo madai yetu yawe matatu. Kwanza, matokeo ya vipimo vya maji ya Ruvu na Ngerengere yatangazwe mara kwa mara. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ipo, tuitumie kuomba kwa maandishi. Pili, COSTECH ipewe fedha za kuwawezesha watafiti wetu kutengeneza vipimo vya bei nafuu. Tatu, kanuni ziseme wazi kwamba mwananchi akileta kipimo chenye dalili mbaya, mamlaka ina siku kadhaa za kupima na kujibu, isikae kimya.

Mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo hili si la Waluguru peke yao. Tuliingize kwenye ilani, tulipeleke kwenye matawi. Serikali isiyotaka upime maji yako ina sababu zake, na sisi tuna haki ya kuzijua.

Mapambano yanaendelea.