Safari Isiyo na Mshindi

Mtu apandaye baisikeli kila siku kwenda ofisini, au kupeleka maziwa sokoni, anajua ya kuwa maili ishirini zatosha kumchosha mwanamume mwenye nguvu. Basi huenda akastaajabu kusikia ya kuwa wako watu waendao kilometa 200, yaani maili 124, kwa siku moja, tena kwa hiari yao, na mwisho wa safari hapana mshindi wala kikombe.

Desturi hii ina asili yake Italia. Mwaka 1897 kundi dogo la wapanda baisikeli lilitoka Roma likafika Napoli, mwendo wa kilometa 230 hivi, kwa siku moja. Wakaitwa kwa neno lenye maana ya watu wathubutuo, na kwa Kilatini neno hilo ni Audax. Sifa zao zilifika Ufaransa kwa Henri Desgrange, mkuu wa gazeti la L'Auto. Bwana huyu ndiye aliyeanzisha mashindano makali ya Tour de France mwaka 1903. Lakini mwaka uliofuata, 1904, alianzisha safari ya namna nyingine kabisa, kutoka Paris mpaka Gaillon na kurudi.

Sheria yake kubwa ni hii: mbele hutangulia nahodha wa njia, wala hapana ruhusa kumpita. Siku hizi mwendo wake ni kilometa 22 na nusu kwa saa. Mwenye miguu ya chuma hukaa nyuma yake kama wengine, na penye mteremko nahodha hushika breki. Jambo hili ni gumu kwa vijana kuliko mlima wo wote!

Kundi huondoka asubuhi na mapema, wawili wawili, na kabla ya saa mbili kupita nyumba za mji zimekwisha na mashamba yameanza: ngano, malisho ya ng'ombe, na huko Normandy miti ya matofaa. Mahindi pia yako, lakini mkulima wa Trans Nzoia angeshangaa kuona mengi yakikatwa mabichi, mabua na yote, yakawekwa akiba kwa chakula cha ng'ombe. Matrekta huacha matope barabarani, na mpira mwembamba huteleza juu yake. Kwa hiyo aliye mbele hunyosha mkono na kupiga kelele, na neno lake hupokelewa mpaka kwa mtu wa mwisho.

Upepo ndio adui. Walio mbele huukata, na walio nyuma yao hutumia nguvu kidogo zaidi. Adui wa pili ni njaa. Asiyekula njiani, akingoja mpaka tumbo limlilie, huishiwa nguvu ghafula, miguu ikakataa kabisa, na ushujaa haumfai kitu. Afadhali mkate kidogo kila saa kuliko karamu adhuhuri.

Si wote walioridhika na kamba hii ya nahodha. Mwaka 1921 Desgrange na chama cha Audax Club Parisien walikosana, naye akakinyima ruhusa ya kuendesha safari zake. Chama kikaanzisha safari za mwendo huru: kila mtu na mbio zake, mradi amalize kilometa 200 katika muda wa saa 13 na nusu. Namna hiyo ndiyo iliyoenea ulimwenguni. Iliyo maarufu kupita zote ni ya Paris, Brest na Paris, kilometa 1,200, ambayo wengi hupewa saa 90 kuimaliza. Wenyeji wa Brittany huweka meza mbele ya nyumba zao, wakawapa wapitao kahawa, hata usiku wa manane.

Uhuru huo ni mtamu, lakini aliye dhaifu huweza kuachwa peke yake shambani na upepo usoni. Labda ndiyo sababu safari za nahodha hazikufa. Zingali zikiendeshwa Ufaransa. Huko mwenye nguvu humwekea mwenzake mkono mgongoni mlimani, akamsukuma. Jioni kundi zima huingia pamoja, karani wa safari akazipiga kadi zao muhuri, na kadi ya yule aliyesukumwa huandikwa saa ile ile ya aliyemsukuma.