Filamu Isiyo na Lugha ya Mama

Wapo wajuzi wa sinema, na Mwanza hawakosekani, wanaokionea haya kibanda umiza. Humo, wasema, filamu huharibiwa: msimuliaji hufunika sauti za waigizaji kwa Kiswahili chake, akatia na chumvi, na mchuuzi wa samaki wa Kirumba aliyelipa kiingilio hutoka bila kuionja "asili". Hoja hiyo ina sura ya elimu, ila haikijui inachokitetea.

Na itazamwe The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, ya mwaka 1966. Ni kisa cha Marekani kilichopigwa Uhispania na Waitaliano. Clint Eastwood na Eli Wallach walisema Kiingereza mbele ya kamera. Wengine walisema Kitaliano au Kihispania. Sauti zikatiwa baadaye studioni, za Kitaliano mbali, za Kiingereza mbali. Asili ipi, basi, iliyoharibiwa? Filamu hii ilizaliwa imefasiriwa. Lufufu wa Dar es Salaam, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika kanda za video, alifanya kazi ya jamaa ileile, naye alikuwa na kinywa kimoja kwa wahusika wote.

Tena, kinachowavuta watu wa ziwani si maneno. Takriban dakika kumi za mwanzo hapana mazungumzo. Mwishoni watu watatu husimama makaburini wakatazamana. Macho, mikono na muziki wa Ennio Morricone ndivyo visemavyo. Mvuvi wa dagaa, akeshaye na karabai usiku usio na mbalamwezi, ajua kungoja, hahitaji kufafanuliwa. Hapo ndipo msimuliaji astahilipo lawama, akisema juu ya kimya kile. Wako wasiojizuia, na kosa lao lihukumiwe kama mshororo uliozidi mizani.

Lakini wajuzi hawasikilizi kiasi cha kuijua tofauti. Haohao humsifu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, na ni haki yake. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Nani aliyelalamika kwamba Kiswahili kimeiharibu? Yaonekana tafsiri ikiwa na jalada ni fasihi, ikipitia kipaza sauti ni kelele.

Wahakiki wanaohesabu mizani za kila diwani mpya na waingie kibandani, walipe kiingilio kama wenzao, wakae mpaka makaburini.