Jikoni Kwetu: Mkate wa Kumimina na Deni la Ahadi

Mwezi huu nataka kukueleza juu ya mkate mmoja ulionitoa jasho. Niliahidi kuupika kabla sijajua kuupika. Soma habari hii polepole. Huenda nawe umewahi kuahidi jambo, kisha ukakosa usingizi.

Kijiji chetu kiko Mkoa wa Dodoma. Hapa chakula chetu ni ugali wa mtama au uwele, kwa mlenda. Lakini jirani yangu ni bibi mmoja aliyezaliwa Pangani, mwambao wa Tanga. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Walihamia huku zamani, naye hakurudi tena kwao.

Miaka ya 1970 Serikali iliendesha kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Bibi huyu alikuwa mwalimu wa kujitolea. Mama yangu alijifunza kusoma kwake, chini ya mbuyu. Kwa hiyo nyumba yetu ina deni kwake tangu siku nyingi.

Mwaka jana bibi aliugua malaria. Alitibiwa zahanati, homa ikaisha. Lakini chakula kilikuwa hakipiti. Mganga alisisitiza kwamba lazima ale ili apate nguvu. Tulimpelekea uji, akaonja kijiko kimoja tu. Tulimpelekea wali, akaugeuza uso.

Nikamwuliza, "Bibi, moyo wako unataka nini?"

Akajibu, "Mjukuu wangu, ningepata kipande cha mkate wa kumimina, kama aliokuwa akipika mama yangu mwezi wa Ramadhani."

Nikasema mara moja, "Usijali bibi, nitakupikia."

Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza: mkate wa kumimina ni kitu gani?

Ndugu msomaji, mkate huu ni wa watu wa pwani. Hautiwi unga wa ngano, wala haukandwi. Hupikwa kwa mchele na tui la nazi. Rojo lake humiminwa katika sufuria, na ndiyo maana unaitwa mkate wa kumimina.

Nilipata maneno mawili matatu kwa dereva wa lori aliyepita sokoni. Nikaona yanatosha. Nikasaga mchele mkavu mashineni. Nikanunua nazi mbili. Huku kwetu nazi hutoka mbali, na bei yake inauma. Nikazikuna, nikakamua tui kwa maji yaliyochemka. Nikatia hamira papo hapo, tui likiwa bado linatoa moshi. Nikangoja tangu asubuhi hadi jioni. Rojo halikuumuka hata kidogo. Nilipopika, nilipata kitu kigumu kama tofali.

Nikajaribu mara ya pili, kwa fedha niliyoweka kununua madaftari ya watoto. Safari hii tui lilikuwa vuguvugu, na rojo likaumuka vizuri. Nikafurahi, nikachochea kuni nyingi. Mkate ukaungua chini, na juu ukabaki mbichi.

Sasa nikaona haya. Siku tatu nilipita njia ya nyuma ya nyumba, ili bibi asinione. Nilifikiri hata kumpelekea maandazi ya dukani, nimwambie kwamba nazi zimekosekana. Lakini bibi alikuwa akizidi kukonda, na uongo haumshibishi mgonjwa.

Siku ya nne nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umepotea?"

Nikamweleza yote: tofali, mkate ulioungua, na fedha za madaftari. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Akasema, "Ungeniuliza siku ile ile. Mimi naumwa mwili, kichwa changu ni kizima. Lete daftari na kalamu."

Yeye akasema, mimi nikaandika. Haya ndiyo niliyoandika:

Vitu vinavyotakiwa: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1, sukari nusu kikombe au zaidi kidogo, hamira kijiko kidogo 1, ute wa yai 1, iliki kidogo iliyotwangwa, mafuta au samli kidogo.

1. Chagua mchele, uoshe, uloweke usiku kucha.

2. Asubuhi mwaga maji. Twanga mchele kinuni, uchekeche. Chenga zinazobaki zitwange tena, mpaka unga uwe laini kabisa. Mwenye mashine ndogo ya kusagia jikoni asage mchele pamoja na tui.

3. Kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui, lichuje kwa kifumbu. Tui liwe vuguvugu tu. Hamira ina uhai, na tui la moto sana huiua.

4. Changanya unga, tui, hamira, iliki na ute wa yai. Rojo liwe kama uji mzito. Lifunike, uliweke mahali penye joto mpaka liumuke na kutoa mapovu.

5. Ndipo utie sukari. Koroga kidogo tu.

6. Paka sufuria mafuta, uipashe moto, kisha mimina rojo. Makaa ya chini yawe machache. Funika, halafu weka makaa juu ya kifuniko. Watu wa pwani huita kazi hii kupalia moto. Mkate huiva kwa moto wa juu na wa chini.

7. Mkate ukiwa mwekundu juu, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Nikaazima nazi mbili kwa jirani. Nikafuata daftari langu, neno kwa neno. Mkate ukatoka mwekundu juu. Nilipoukata, ndani ulikuwa mweupe, umejaa vitundu vitundu.

Nikampelekea bibi ungali na joto. Akala kipande kimoja, akanyamaza. Akala cha pili. Kisha akasema, "Iliki umezidisha." Baadaye akaomba chai. Kuanzia siku hiyo akaanza kula, kwanza mkate, halafu uji, mwisho ugali wetu. Siwezi kusema mkate ulimponya. Dawa ya zahanati ndiyo iliyoondoa malaria. Lakini mkate ulimfungua kinywa.

Ndugu msomaji, ahadi ni deni. Ukiahidi jambo usilolijua, usijifiche. Mwendee anayelijua, hata kama ndiye uliyemwahidi. Mimi nilipoteza nazi mbili na fedha za madaftari kwa sababu ya kuona haya kuuliza.

Tena, angalia faida ya kujua kuandika. Maarifa ya mama yake bibi yalikaa kichwani kwa bibi peke yake. Sasa yamo katika daftari langu, na leo yamo mikononi mwako. Hapo kijijini kwenu wako wazee wenye mapishi yao. Chukua kalamu, uende kwao jioni hii.

Maswali ya kujadili kisomoni:

1. Kwa nini mkate wa kwanza haukuumuka?

2. Kwa nini mkate wa pili uliungua chini na kubaki mbichi juu?

3. Ni chakula gani cha wazee wenu ambacho hakijaandikwa na mtu yeyote?