Neno Geni na Lipimwe Kwanza



Wapo waandishi watungao hadithi za nchi zisizokuwapo na za safari za nyotani, nao hudhani ya kuwa hadithi hukuzwa na wingi wa maneno yasiyojulikana. Sisi twasema sivyo.

Majuzi tulisomewa hadithi ya namna hiyo hapa Sekenke. Katika ukurasa wa kwanza tulihesabu majina saba mageni, wala hata moja halikufunuliwa maana. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, hicho ni chombo au ni mnyama?" Msomaji hakuweza kumjibu. Mzee akajiondokea, akisema vitabu si vya watu kama yeye. Je, kosa lilikuwa la nani?

Watu watatujibu kwamba mambo mapya hayana budi kupewa majina mapya. Hatukatai. Hata neno karasha lilitoka ng'ambo, na leo wachimbaji wote walijua, kwa sababu waliona mawe yakisagwa, na jina wakalishika. Mwandishi naye na afanye vivyo hivyo: atuonyeshe kitu kikitenda kazi yake, ndipo akitaje, na neno moja litulie moyoni kabla hajaleta la pili.

Tena, mara nyingi hakuna haja ya kwenda mbali. Marehemu Shaaban Robert alipotunga habari za nchi iliyo hewani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliipa jina la Kusadikika, na mshitaki akamwita Majivuno. Katama Mkangi wa Kenya, mwaka 1995, alibuni Walenisi, litamke polepole, utasikia "wale ni sisi." Majina hayo ni mapya, lakini mizizi yake i nyumbani.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi walipiga sarafu huko Tabora: za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke yetu, na za hela 20 kwa shaba. Zote zilitoka ziking'aa. Madini yenyewe ndiyo yaliyozitenga. Na neno hela lenyewe, lililokuwa geni, limekuwa letu, maana kila mtu alilishika mkononi.

Basi, ewe mwandishi, kabla hujalitoa neno lako, lipime: ni dhahabu, au ni mng'ao tu? Ukiisha kulipima, kamwite yule mzee arudi kuketi.